Ncha ya Pili ya Kamba

Kamba haikukatika.

Hilo tuliweke wazi mapema, maana wasomaji wengi wa wiki iliyopita wameshamhukumu aliyeitengeneza. Tulimwacha fundi Paka kwenye ukingo wa paa la ghala, akiulaza mgongo wake hewani kama alivyozoea, akingoja kamba imshike. Kamba haikumshika. Ilimfuata.

Ilikuja ikiteleza juu ya mabati, taratibu kwanza, kisha kwa kasi. Paka aliiona ikimjia usoni na akapata nafasi ya wazo moja tu: shemeji amechomoka kwenye ncha ya pili, ameanguka upande ule.

Hata akiwa angani, alimwonea huruma.

Kisha akapiga ubao wa jukwaa, ubao ukavunjika, akatua kwenye lundo la mchanga. Ubao ulimpunguzia kasi, na mchanga ukamwokolea kichwa. Nyonga haikuokolewa na chochote.

Kwa asiyeijua kazi ile, paa la ghala lina miteremko miwili inayokutana juu, mgongoni. Penye utaratibu, kila fundi hufunga kamba yake kwenye nanga ya chuma iliyokazwa kwenye kenchi, fremu inayobeba paa. Pale nanga hazikuwepo. Msimamizi alikuwa akiahidi kuzileta, na mafundi walikuwa wameshachoka kumuuliza. Walikuwa na njia yao wenyewe: kamba moja hupitishwa juu ya mgongo wa paa, fundi mmoja hufanya kazi mteremko huu na mwenzake mteremko ule, na uzito wa huyu humzuia yule asianguke.

Wenyewe waliiita ndoa.

"Umeshaoa?" mmoja humuuliza mwenzake asubuhi.

"Nimeoa, ila mke mzito!"

Ndoa ile ilikuwa na sheria moja. Anayetaka kufungua ndoano yake hupaza sauti, "Talaka!" Hagusi ndoano mpaka asikie jibu kutoka upande wa pili: "Chukua!" Jibu hilo lina maana kwamba mwenzake ameshapata kitu cha kushika. Walilicheka jambo hilo kila siku, lakini hakuna aliyewahi kufungua kabla ya kujibiwa.

Siku ile Paka hakusikia talaka yoyote.

Alipofumbua macho mchangani, cha kwanza kukiona kilikuwa kiatu cha msimamizi.

"Hakujifunga!" msimamizi alikuwa akipiga kelele, wakati hakuna aliyemuuliza. "Kamba kaivaa kama tai! Ncha ya pili hakuifunga popote! Mmeona wenyewe!"

Paka aligeuza shingo kuutafuta mwili wa shemeji yake.

Shemeji alikuwa wima karibu na ngazi, akifuta mikono kwa kitambaa. Hakuwa na vumbi hata kwenye magoti.

"Shemeji," Paka alisema, "u mzima?"

Shemeji aliendelea kufuta mikono. Alikuwa akilitazama gari jeupe lililokuwa linaingia getini.

*

Siku ya pili, mchana, wodini.

Mguu wa Paka ulikuwa umenyooshwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo na kushuka hadi kwenye uzito wa chuma mwisho wa kitanda. Aliitazama kamba ile kwa muda mrefu. Ilikuwa imefungwa kwenye kitu kisichoweza kutembea.

Daktari hakuzungusha maneno.

"Mfupa umevunjika kwenye shingo ya paja. Nikikufanyia upasuaji mapema na kukuwekea chuma, utapanda ngazi tena. Nikiuacha ujiunge wenyewe, mguu utakuwa mfupi."

"Mfupi kiasi gani?"

"Kiasi cha kutembea. Paani hapana."

"Basi niwekee chuma."

Daktari aliangalia pembeni. "Nimeongea na kampuni yenu. Bima hulipa ajali ya kazini. Wao wanasema hii si ajali ya kazini, eti ulipanda bila kujifunga kwa hiari yako. Kesho wanapeleka majibu ya mwisho kwa bima. Afisa wa usalama kazini atakuja leo kukuhoji. Mwambie ukweli, na umpate mtu wa kukuthibitishia."

Alipoondoka, Paka alimgeukia mkewe. Mwanamke huyo alikuwa ameketi kando ya kitanda tangu jana, akikunja shuka, akiikunjua, akiikunja tena.

"Umesikia? Kaka yako atasema. Yeye ndiye aliyekuwa ncha ya pili."

"Kaka ana mambo yake," mkewe alisema.

"Mambo gani? Aseme tu kwamba alikuwa kwenye kamba. Sentensi moja."

"Pumzika, baba."

Hakumtazama usoni.

Shemeji aliingia saa ya kutazama wagonjwa ilipoanza. Kwenye kazi walimwita Nyundo, kwa sababu ya ukubwa wa kichwa chake na kwa sababu hakujua kuongea polepole. Leo aliongea polepole.

"Paka gani wewe unayetua kwa nyonga?"

Paka alicheka, na kicheko kikamuumiza. Wodi nzima iligeuka. Nyundo alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono katikati ya magoti.

"Shemeji, nisikilize. Afisa anakuja. Mwambie hukujifunga."

Kicheko kilikoma.

"Rudia."

"Mwambie ulisahau. Watu husahau. Msimamizi ameniahidi kwamba ukipona atakupa kazi ya chini, ya kukata mabati. Kila siku utakuwa kivulini. Umri nao unakwenda, shem."

"Nyundo. Ulikuwa umefungwa kwenye kamba yangu."

"Nilikuwa chini."

"Asubuhi tumeoana mimi na wewe. Nimekukazia mkanda mgongoni kwa mikono yangu hii."

"Asubuhi, ndiyo. Wakati unaanguka, nilikuwa chini."

"Ulishukaje bila kuniita?"

Nyundo alimtazama dada yake. Dada yake aliikunja shuka.

Paka aliliona jicho lile. Hakulielewa bado, lakini aliliona.

*

Afisa wa usalama kazini alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kazi, na alitembea wodini kama anayekagua sakafu. Mafundi walimwogopa kuliko urefu. Mwezi mmoja nyuma aliikuta kamba ya ndoa paani akaipiga marufuku pale pale. "Mtu si nanga," aliwaambia. "Nanga haina simu, haina njaa, haiitwi na msimamizi." Siku hiyo alimkuta Nyundo kwenye kamba na akampa onyo la mdomo mbele ya wote: nikikukuta tena, nakufungia kazi zote za juu.

Alisalimia, akamtikisia kichwa mke wa Paka, akaweka mfuko wa plastiki juu ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kamba, na mwisho wa kipande hicho ndoano ya chuma.

"Fundi, pole. Sitakuchosha. Kamba yako ilikuwa imefungwa wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Juu ya mgongo wa paa, upande wa pili."

"Wewe je?" Alimgeukia Nyundo. "Unakubali?"

"Hapana, afisa. Mimi nilikuwa chini. Kama aliiunganisha na kitu, sijui. Labda aliitundika kwenye papi, ule ubao wa chini ya bati, ndoano ikachomoka."

"Ikachomoka."

"Ndiyo. Hizi ndoano za siku hizi..."

"Tuiangalie." Afisa aliunyanyua mfuko karibu na dirisha. "Hii ndiyo ncha ya pili, imechukuliwa mbele yangu pale chini. Ndoano hii ina mdomo, na juu ya mdomo kuna skrubu ya kukaza. Ukiifunga kwenye kitu unakaza skrubu ili mdomo usifunguke. Mnaniambia iko vipi sasa?"

Paka aliinua shingo. Hakuhitaji kuangalia kwa muda.

"Imekazwa."

"Imekazwa mpaka mwisho. Nilihitaji koleo kuilegeza na kuirudisha. Ndoano ikichomoka kwenye papi, inachomoka mdomo ukiwa wazi au umepinda. Haichomoki, ikajifunga, halafu ikajikaza skrubu yenyewe. Nani hufunga na kukaza ndoano tupu?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alizima redio yake ndogo, na wala hakuona haya.

Paka ndiye aliyejibu, polepole, maana jibu lenyewe lilimchoma.

"Fundi wa paa. Akishajifungua, huikaza ndoano kabla ya kuiacha. Ikibaki wazi hukwaruza bati. Ni mazoea ya mkono. Unaifanya hata ukiwa umelala."

Wote walimtazama Nyundo.

Mikono ya Nyundo ilitoka katikati ya magoti ikaenda nyuma ya kiti.

"Sawa," alisema. "Sawa. Nilikuwepo. Nilijifungua."

"Nyundo!" Sauti ya Paka ilipasuka.

"Lakini niliita, shemeji! Wallahi niliita! Nilisema talaka, grenda ilikuwa inakata bati chini, hukusikia. Nikadhani umejibu. Ni ajali. Ni kelele tu zilizotuponza."

Paka alifumba macho. Kwa dakika moja hivi alitaka sana kuamini. Grenda ikikata bati, sauti nyingine haisikiki. Mtu angeweza kuita. Mtu angeweza kudhani amejibiwa. Alikuwa tayari kusamehe, na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Grenda ipi?" afisa aliuliza.

"Ile ya... ile ya kukatia bati."

"Mimi nilikuwa nje ya geti lenu wakati huo. Nilisimamisha gari, nikazima injini na kushusha kioo, kwa sababu huwa nasikiliza eneo la kazi kabla ya kuingia. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nilikuwa nasikia njiwa. Sikusikia mtu akiita."

Nyundo aligeukia dirisha.

"Nikasikia bati," afisa aliendelea, bila kubadili sauti, "na ubao. Basi."

Paka alifumbua macho.

"Hukuniita," Paka alisema.

"Shemeji..."

"Nilikuwa nimechuchumaa nakaza skrubu ya mwisho ya bati la ukingoni. Kamba ililegea kidogo, nikasema moyoni, Nyundo anasogea. Nikamaliza. Nikaegemea. Wewe ulikuwa umeshashuka ngazi. Uliniacha nimefungwa kwenye hewa."

"Sikujua utaegemea!"

"Sisi sote huegemea! Kazi yenyewe ni kuegemea!"

Muuguzi alichungulia mlangoni, akaweka kidole mdomoni. Afisa alimtikisia kichwa kwa adabu, kisha akauliza swali alilokuwa ameliweka.

"Kwa nini hukumwita? Kuita kunachukua pumzi moja. Mmeshaita mara ngapi kabla ya hapo? Kwa nini siku ile usiite?"

Nyundo alivuta kiti karibu na kitanda. Alipoongea, hakumwangalia afisa. Alimwangalia Paka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, macho yake yalikuwa na hasira.

"Kwa sababu ningeita, angejua kwamba najua."

"Unajua nini?"

"Mwulize yeye! Mwulize mgonjwa wako nani alikuita siku ya ajali!"

*

Hapa lazima tumwondolee Paka sehemu ya huruma tuliyompa.

Ni kweli. Paka ndiye aliyempigia simu afisa. Alikuwa amechoka na ahadi za nanga. Alimwomba afisa afike bila taarifa, asubuhi ile ya ajali, aione kamba ya ndoa ikiwa kazini, ili msimamizi akose pa kujificha. Afisa alikubali. Alimhakikishia kwamba aliyetoa taarifa hataadhibiwa.

Kuhusu aliyekuwa ncha ya pili, hakuna aliyeuliza.

"Nilikuwa na onyo," Nyundo alisema. "Ulijua. Ulisimama pale ukasikia nikipewa. Halafu ukanikazia ndoano asubuhi huku unacheka, eti umeshaoa, na wewe umeshaniuza. Nani alimsaliti mwenzake kwanza, shemeji?"

"Ningemwomba afisa akusamehe. Ningekueleza jioni."

"Jioni ningekuwa sina kazi."

"Na mimi jioni nilikuwa sina mguu!"

Afisa aliwaacha wapumue.

"Maelezo haya yananitosha kuhusu kamba," alisema. "Hayanitoshi kuhusu simu. Fundi, taarifa yako niliipokea mimi mwenyewe na sikumwambia mtu ofisini. Gari nililipanda peke yangu. Wewe ulimwambia nani?"

Watu wanaoanguka husema ardhi huja polepole mwanzoni, kisha mara moja. Jibu lilimjia Paka hivyo hivyo.

Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Wakiwa nyumbani, mlango umefungwa, akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mtu huyo.

Aligeuka.

Mkewe alikuwa ameacha kuikunja shuka.

"Wewe?"

"Baba, usipaze sauti."

"Wewe ulimwambia?"

"Ni kaka yangu." Maneno yalitoka yamenyooka, kama maneno yaliyopangwa tangu jana. "Angefungiwa kazi. Ana watoto. Nilimwambia akiona gari jeupe ajifungue ashuke, afisa asimkute. Nilitaka yeye abaki na kazi na wewe upate nanga zako. Nilidhani mtarudi wote wawili."

"Na jana? Usiku kucha umekaa hapa unanifuta jasho. Nikikuuliza kaka yako yuko wapi, unaniambia nipumzike."

Mkewe aliiweka shuka pembeni.

"Leo daktari amesema mguu utakuwa mfupi. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Afisa alitoa simu yake, akaiweka kitandani karibu na mfuko wa ndoano.

"Nisikilizeni. Kampuni inapeleka majibu yake kesho. Nikiwa na sauti ya fundi huyu akikiri kwamba alikuwa kwenye kamba na akajifungua bila kuita, hii ni ajali ya kazini na bima italipa upasuaji. Msimamizi aliyeshindwa kuleta nanga nitamalizana naye mwenyewe. Uko tayari?"

Nyundo aliitazama simu kama mtu anayetazama ukingo.

"Nitasema nilijifungua," alisema. "Nitasema sikuita. Adhabu yangu nitaibeba. Kwa sharti moja. Dada asitajwe."

"Haiwezekani."

"Afisa, nakuomba..."

"Si mimi ninayekataa. Watakuuliza kwa nini hukuita. Ukisema ulisahau, watajibu mtu aliyefanya kazi ile miaka yote hasahau, na kwamba unamtetea shemeji yako apate matibabu. Maneno yako yataanguka. Sababu ndiyo inayoyashikilia. Na sababu ni kwamba uliambiwa. Aliyekuambia lazima aseme mwenyewe."

"Wakijua ni mke wa mgonjwa?"

"Watamhoji. Fundi nusura afe. Sitawadanganya kwamba ataulizwa maswali mawili aende nyumbani."

Mke wa Paka alishuka kwenye kiti akapiga magoti kando ya kitanda. Aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili.

"Baba watoto. Nitakuhudumia. Mguu ukiwa mfupi nitakuwa fimbo yako. Tutaishi. Lakini wakinichukua mimi, nyumba itabaki na nani? Sema ulisahau kujifunga. Neno moja. Tutoke hapa tukiwa watatu."

Paka aliutazama mkono uliomshika. Aliujua mkono ule. Alijua kovu la kidole gumba na lilikotoka, alijua unavyokuwa baridi asubuhi. Hakuwahi kufikiria kwamba ungeweza kumshika namna hiyo ili asiinuke.

Aliutoa mkono wake, taratibu, bila kuupiga.

"Afisa," alisema. "Washa hiyo simu. Anza na mke wangu."

"Shemeji, fikiria!" Nyundo aliruka.

"Nimefikiria. Kaa chini."

Taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye kioo cha simu. Afisa alitaja tarehe na wodi. Mke wa Paka alibaki magotini, na alirudia yale yale aliyoyasema, kwa mpangilio ule ule: kaka, onyo, gari jeupe. Alisema vizuri. Paka alianza kumhurumia tena, na akajichukia kwa hilo.

"Swali la mwisho," afisa alisema. "Baba yenu, wewe na huyu, alikuwa fundi wa paa?"

"Ndiyo."

"Umekua ukiwaona wakifanya ndoa ya kamba."

"Tangu nikiwa mdogo."

"Kwa hiyo unajua mmoja akijifungua bila kuita, wa pili anapatwa na nini."

Mwanamke aliinamisha kichwa.

"Mumeo alipanga nami kwamba nikifika nimkute ukingoni, ananing'inia, nimwone kwa macho yangu. Alikuambia hilo pia?"

"Aliniambia."

"Basi ulipomwagiza kaka yako ajifungue akiliona gari langu, ulijua mumeo atakuwa wapi."

Nyundo alisimama. "Dada, usijibu! Dada!"

Mke wa Paka aliinua uso. Hakumtazama afisa wala kaka yake. Alimtazama mumewe, na machozi yote yalikuwa yamekwisha machoni mwake.

"Nilijua," alisema. "Na nilipomwagiza, kaka alisema ataita kwanza. Mimi ndiye niliyemkataza."